Bibi Chelewa Atimua Vumbi

Bibi Chelewa hajawahi kuchelewa popote. Jina lilitokana na fagio la chelewa, lile la vijiti, alilolishika pale kituo kikuu cha mabasi kwa miaka mingi kuliko umri wa mabasi yenyewe. Alianza mfagizi wa kawaida, akaishia msimamizi wa wafagizi, cheo kilichomwongezea filimbi shingoni na maadui kazini. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani, ikafa kabla haijazoea ukuta, na cheti ambacho jina lake limekosewa. Fagio alijichukulia mwenyewe. Hakumwomba mtu.

Wapo wanaofagia ili uchafu uondoke. Bibi Chelewa alifagia ili watu wajue. Kituoni pale abiria walikuwa wakiruka pembeni, wanaziba pua, wenye vichanga wanavifunika, na wingu likishafika kwenye vioo vya mabasi ndipo moyo wake ulipotulia kwamba kazi imefanyika. Wafagizi waliomwaga maji chini kwanza aliwaita wapika matope. Kwake yeye, vumbi lililolala lilikuwa sawa na mwizi aliyejibanza chini ya kitanda: unamtoa, unamkimbiza, na majirani wanasikia kabisa kwamba kwako leo kuna mtu anakimbizwa. Alikuwa na neno lake kwa kazi hiyo, na alilitamka kwa raha kama mtu anayefyonza muwa.

"Mimi nalitimua," alikuwa akisema. "Nyinyi mnalibembeleza."

Nyumbani aliishi na mwanawe wa pekee, ambaye ni fundi friji; mke wa huyo mwanawe; na mjukuu mmoja wa kike ambaye hajaanza shule. Mtoto alikuwa na pumu. Akivuta vumbi au moshi, kifua chake kilitoa mluzi mwembamba wenye sauti mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Bibi wengine wangelia. Huyu alimwita Kinanda. Mtoto alilipenda jina hilo hata akawa anajitambulisha nalo kwa wageni, na mama yake akalichukia. Kwa kweli mama yake alichukia vitu vingi ndani ya nyumba ile, na kitu cha kwanza kilikuwa kinasimama nyuma ya mlango wa jikoni, kina vijiti.

Huyo mkwe alikuwa anakaa mapokezi katika kliniki ya meno. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wenye maumivu wasubiri, na kwa jinsi alivyoizoea, alizungumza hivyo na kila kiumbe: pole nyingi, huruma patupu. Yeye na mama mkwe wake hawakuwahi kugombana hadharani. Walikuwa wanaulizana tu.

"Mama, hili fagio ni la ndani kweli?"

"Mwanangu, na hizo kucha ni za kuoshea vyombo kweli?"

Fundi friji, kila maswali yalipoanza, aliingiza kichwa ndani ya friji ya mteja. Hakuna friji duniani zilizowahi kukaguliwa kwa umakini namna ile.

Basi ikaja ile dhoruba ya mchanga. Ilikuja mchana, anga likageuka rangi ya bati lenye kutu, mabati ya jirani yakaanza kupiga makofi, na aliyekuwa barabarani hakuona vidole vyake mwenyewe. Fundi friji alikuwa karakana, mkwe alikuwa kliniki anawaambia watu wasubiri. Nyumbani walikuwa bibi na mjukuu.

Tumpe mtu haki yake, hata kama hatujampenda. Bibi Chelewa alifunga madirisha yote, akasokota taulo bichi akaliziba chini ya mlango, akamchukua Kinanda mapajani, akamfunika kichwa kwa kanga yake na kumsimulia habari za dereva mmoja aliyeondoka na basi tupu huku abiria wote wako chooni. Dhoruba ikapiga, ikachoka, ikaenda zake. Kifua cha mtoto kilikuwa kimya. Mkwe aliporudi jioni, kope zimejaa mchanga na roho imeshika breki, alimkuta mwanawe anacheka. Akaweka sikio mgongoni pake, akasikiliza, akakosa la kulaumu. Jambo hilo lilimuuma kidogo.

Lakini vumbi lilikuwa limeingia. Vumbi la dhoruba haliombi mlango. Lilikuwa juu ya kabati, ndani ya vikombe, kwenye mikunjo ya shuka, ndani ya soketi za umeme. Ukikaa kwenye kochi, linatoa pumzi ya kikahawia pande zote mbili za makalio yako.

Asubuhi, kabla ya kutoka, mkwe alisimama mlangoni na mkoba begani.

"Mama, leo usifagie."

"Nisifagie." Bibi alilirudia neno kama mtu aliyeambiwa asivae nguo.

"Mtoto akae kwa jirani. Nikirudi tutapangusa kwa kitambaa kibichi, taratibu, vumbi lisiruke. Mapafu yake hayataki mchezo."

"Kumbe kwenye meno kule wanafundisha na mapafu."

"Wanafundisha kusoma, Mama. Mengine mtu anasoma mwenyewe."

"Haya. Na sisi tusiosoma tutakaa kwenye uchafu tukusubiri. Si ndiyo kazi yako, kusubirisha watu?"

Mkwe alitabasamu lile tabasamu la mapokezi, akaondoka. Mumewe alikuwa ameshaondoka zamani. Alikuwa na kipaji cha kunusa maneno yakiwa bado jikoni.

Sasa mwanamke ambaye amefagia kituo cha mabasi enzi za uhai wake wote, mwache ndani ya nyumba yenye vumbi la kuandikia jina, halafu mwambie asubiri kitambaa. Chai haikuwahi hata kupoa. Bibi Chelewa alijifunga kanga kiunoni, akafunga madirisha ili uchafu wa nje usirudi, na akalitoa fagio. Mtoto hakumpeleka kwa jirani. Kwa nini ampeleke? Kufukuza vumbi ni jambo la heri, mtoto aone.

Alianza na magodoro. Aliyasimamisha ukutani akayacharaza kwa mpini wa mwiko mpaka yakatoa moshi kama yanaungua. Akaja kwenye kochi, akaja kwenye mapazia, akamalizia sakafu kwa ile mikono mirefu ya kituoni, chwaa, chwaa, kiasi kwamba mtaa mzima ulijua Bibi Chelewa yuko kazini. Jua lilipenya kwenye kioo kikatokea kijito cha mwanga katikati ya sebule, na ndani yake vumbi lilikuwa linaogelea kwa maelfu, linang'aa. Kinanda alisimama humo anajaribu kulikamata kwa viganja.

"Bibi, yanaruka."

"Yanakimbia, mama. Yananijua."

Mtoto akacheka, akakohoa. Akacheka tena. Kisha akakaa chini, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Bibi alikuwa kwenye kona anamalizia, anahema kwa ushindi, aliposikia mluzi. Si ule wa sauti mbili. Huu ulikuwa na sauti moja tu, ya kurudi.

"Bibi," mtoto alisema, akanyamaza kutafuta pumzi. "Nataka." Akanyamaza tena. "Maji."

Neno "maji" lilitoka kama limevutwa na kamba. Chini ya shingo palikuwa panabonyea, mbavu zinahesabika, mabega yanapanda kila anapojaribu. Bibi alichukua ile pampu ya dawa iliyokaa juu ya friji, akampulizia kama alivyoonyeshwa, akangoja. Mbavu ziliendelea kubonyea. Hapo ndipo Bibi Chelewa, mwenye magoti mabovu na sifa ya kutokimbia hata mbele ya basi lililokatika breki, alipomtupa mtoto kiunoni na kutoka mbio kuelekea zahanati, miguu peku, vumbi limempaka uso mzima kama unga.

Zahanatini walimkalisha mtoto wakamvisha kifuniko cha mashine ya mvuke wa dawa. Mkwe alifika mtoto akiwa bado amekumbatia mashine. Hakuuliza kitu. Alimwangalia mama mkwe wake kuanzia miguuni hadi kichwani, akaona rangi ya vumbi kwenye nyusi, na akakaa kimya, ukimya wa mtu anayechagua kisu.

Muuguzi alikuwa mwanamama mnene, mpole, mwenye haraka. Aligeukia yule mkubwa.

"Mama, jana dhoruba inapita mtoto alikuwa wapi?"

"Mapajani pangu. Madirisha nimefunga, taulo bichi chini ya mlango, kichwa nimemfunika."

"Vizuri kabisa. Wengi hawafanyi hivyo."

Bibi Chelewa akamtupia mkwe jicho la pembeni, lile linalosema umesikia.

"Na leo? Kuna mtu ametimua vumbi humo ndani?"

Hapa ni lazima tusimame kidogo, maana mambo mengi katika maisha ya watu huharibika kwa matusi, lakini hili liliharibika kwa Kiswahili fasaha. Ukimtimua mpangaji, anaondoka. Ukimtimua mbuzi bustanini, anaondoka. Kwa Bibi Chelewa, na kwa miaka yote ile ya filimbi shingoni, vumbi nalo lilikuwa katika kundi hilo la wapangaji na mbuzi. Alisikia swali la muuguzi kama sifa inayomtafuta mwenyewe. Akainua kidevu.

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi peke yangu, sikusaidiwa na mtu. Nimelitimua lote. Magodoro nimeyachapa mpaka yakaomba radhi."

Muuguzi aliacha alichokuwa anakifanya. "Na mtoto alikuwa wapi wakati unalitimua?"

"Hapohapo, ananitazama."

"Madirisha?"

"Nimefunga."

Mashine iliendelea kunguruma. Mkwe hakuhitaji hata kufungua mdomo. Kesi imejiendesha yenyewe, mshtakiwa akijitetea kwa kujipigia makofi.

"Mama," muuguzi alisema taratibu, "ukitimua mtu, anatoka. Ukitimua vumbi, linapanda. Lilikuwa limelala chini, halimsumbui mtu. Wewe umelichukua sakafuni ukalipeleka puani kwa mtoto, na njia ya kutokea umeifunga."

"Mimi nimefagia kituo cha mabasi."

"Kituo cha mabasi hakina dari, Mama. Hapo ulikuwa unawapelekea wengine."

Kisha akamweleza, kwa haraka yake ya upole: mtoto atolewe nje kabla ya kugusa chochote, upepo ukitulia madirisha yafunguliwe, kitambaa kibichi, kuanzia juu kwenda chini, maji yabadilishwe, sakafu ipigwe deki, isifagiliwe kavu, shuka zikunjwe taratibu na zifuliwe, zisikung'utwe ndani. Bibi alisikiliza huku akitazama ukutani. Kila neno lilikuwa limeshasemwa asubuhi na mtu wa meno, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

Mtoto alipopata nafuu, mkwe hakurudi naye nyumbani. Alipitia tu kuchukua nguo.

"Tunakwenda kwa dada yangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka humu ndani mtoto aweze kupumua. Nitakuja kupitisha kidole. Kikitoka kimechafuka, tusitafutane tena. Tutapanga chumba chetu na mtoto utamwona kwenye picha."

"Pitisha na ulimi."

"Nikiona kuna haja, nitapitisha."

Fundi friji alikuwa kibarazani na kikorombwezo cha kompresa mkononi. Wanawake wote wawili walimgeukia kwa wakati mmoja.

"Mimi sipo," alisema, na akawafuata mke na mtoto huku amebeba begi.

Sasa tuseme wazi kwamba Bibi Chelewa hakutubu. Wanaopenda hadithi za toba watafute bibi mwingine. Alikaa kwenye kochi akaapa kwamba yule mwanamke wa kucha akirudi na kidole chake, atakutana na nyumba ambayo hata malaika angevua viatu. Alikwenda kujaza ndoo kwa hasira tupu. Alichana shuka kuukuu vipande, akachovya, akakamua kana kwamba anakamua shingo ya mtu, akapanda kwenye stuli.

Kitambaa cha kwanza kilipita juu ya kabati mara moja. Alipokichovya, maji yaligeuka chai. Akakitazama. Akapitisha tena palepale, akachovya, chai ikakolea. Na lile kabati alikuwa amelipiga fagio asubuhi hiyohiyo, pamoja na fremu za picha na ule ubao wa pazia. Bibi Chelewa aliangalia ndoo kwa muda mrefu. Alikuwa kama polisi aliyegundua kwamba mwizi aliyekuwa akimkimbiza miaka yote alikuwa anazunguka nyumba na kurudi kulala kitanda kilekile. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu zahanatini, akacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyemwona adui kwa macho.

"Kumbe uko hapa," aliiambia ndoo, akaimwaga uani na kujaza nyingine.

Siku zile alifanya kazi bila sauti. Alipangusa miguu ya meza. Alipangusa nyaya. Alifua mapazia, alikunja shuka kama anabeba mayai. Mchana mmoja, akiwa amepiga magoti chini ya kitanda, aliona viatu viwili mlangoni, na juu yake fundi viatu wa nyumba ya pili ameshika nyundo.

"Unataka nini?"

"Tumekuja kukuulizia. Hatusikii fagio. Mke wangu akasema labda umeanguka, au ndiyo basi tena."

"Na nyundo?"

"Ya kuvunjia mlango."

"Mlango uko wazi."

"Nimeuona sasa." Alichungulia ndani. "Kwa hiyo hujafa."

"Nikifa nitakuja kukwambia. Ondoa hivyo viatu kwenye sakafu yangu."

Fundi viatu alikwenda kutangaza kwamba mzee ni mzima, ila amelegea, anafanya usafi kimyakimya kama mgonjwa. Habari hizo zilimfikia na zikamchoma. Mwanamke ambaye mtaa mzima ulipanga asubuhi zake kwa mlio wa vijiti vyake, sasa anaitwa mlegevu, na hawezi kujitetea kwa sababu kitambaa hakina mlio. Mkono ulimuwasha. Lakini hakufagia. Nyumba haikuwa na mtu wa kumkatiza maneno, na yeye hakuwa na wa kumsimulia habari za madereva. Alitamani angalau agombane.

Mkwe alikuja siku ambayo anga lilikuwa safi na upepo umelala. Alimwacha mtoto kibarazani na baba yake. Aliingia peke yake, hakukaa, hakutaka maji. Alitoa kidole.

Alikipitisha juu ya kabati. Alikipitisha nyuma ya redio, juu ya mlango, kwenye ukingo wa dirisha, chini ya kiti cha kochi, mahali ambapo mtu mwenye nia njema hawezi kupafikiria. Kila mara alikitazama kidole, na kila mara kilikuwa kilekile alichokuja nacho. Bibi Chelewa alimfuata nyuma, mikono kifuani.

"Usisahau ulimi."

"Sijasahau, Mama. Natafuta pa kuuweka."

Wakaingia chumba cha mtoto. Ukingo wa kitanda safi. Chini safi. Godoro limepanguswa, shuka imenyooka mpaka unaogopa kuikalia. Mkwe alipumua kwa pua, pumzi ya mtu aliyeshindwa kesi akiwa na ushahidi wote.

"Haya," alisema. "Nimwite alale, amechoka na jua." Na mkono wake ukapanda juu ya kitanda kufungua chandarua.

Chandarua kilikuwa kimefungwa fundo juu, kama kinavyofungwa kila asubuhi, kinaning'inia kama kiota. Kilikuwa hivyo siku ya dhoruba, na usiku ule hakikufunguliwa, maana mtoto alilala chumbani kwa wazazi wake. Kilikuwa hivyo Bibi alipokuwa anacharaza magodoro na kujaza chumba moshi. Mchanga wote wa juu na vumbi lote la chini vilikuwa vimetua ndani ya mikunjo ile, vinasubiri mtu avute. Bibi Chelewa alikiona sasa hivi. Alikuwa amepita chini yake siku zote hizo na kitambaa mkononi bila kuinua kichwa.

Mkwe hajui. Kidole chake kimeshindwa. Kubakia kimya kungemgharimu mtu nini? Nyumba ameshaishinda, mtoto amesharudi, na chandarua angekitoa baadaye kimyakimya, labda, kama mtoto asingewahi kulala chini yake. Upande wa pili, neno moja tu, na yule mwanamke atapata alichokuja kukitafuta, ageuke, achukue mtoto, apange chumba chake.

Vidole vyenye kucha vilikuwa vimeshashika fundo.

"Usikikunjue," Bibi alisema.

"Kwa nini?"

Sauti ya Bibi ilitoka ya chini, kama ya mtu anayetapika jiwe. "Sijakifua. Vumbi lote liko humo."

Mkwe aliganda, mkono juu. Aligeuza shingo polepole. Bibi Chelewa alimtazama usoni na kusubiri kisu, kwa kuwa yeye angekuwa na kisu angekitumia.

"Kwa hiyo ningevuta," mkwe alisema, "lingemwagikia kitandani pake."

"Ndiyo."

"Na wewe ulijua."

"Nimejua sasa hivi. Ningejua mapema kingekuwa kamba ya nguo huko nje. Unafikiri ningekuachia wewe kitu cha kunisema?"

 Mkwe alishusha mkono kutoka kwenye fundo kwa uangalifu, kidole kimoja kimoja. "Lete shuka bichi," alisema.

"Usinitume kwenye nyumba yangu."

"Basi niletee shuka bichi kwenye nyumba yako."

Bibi alileta. Mkwe akapanda stuli, Bibi akashika miguu ya stuli huku akimwambia kwamba mtu mwenye nyonga kama zile hapaswi kupanda vitu. Walikiviringisha chandarua ndani ya shuka bichi bila kukifungua, wakakitoa nje, huyu mwanzo na yule mwisho, wanabishana njia nzima kuhusu nani anavuta na nani anasukuma. Walipokizamisha kwenye beseni, maji yakawa matope. Wote wawili wakayaangalia.

"Tunakaa wiki moja," mkwe alisema. "Nikikuangalia."

"Angalia. Macho ni yako."

Mchana huo Kinanda alilala kwenye kitanda chake kisicho na chandarua. Mama yake alikaa upande mmoja, bibi yake upande wa pili, na hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuondoka. Mama aliinama kusikiliza kifua. Bibi naye akainama, maana hawezi kuachiwa taarifa za mitumba. Vichwa vyao vikagongana, wakanuniana, wakainama tena, wamebana masikio yao pande zote mbili.

Mtoto alifungua jicho moja.

"Nyie mnapumua kwa kelele," alisema, neno baada ya neno, bila kukatika. "Nashindwa kulala."